Nanga na Ukuta wa Majina

Dereva wetu tulimpa jina la Nanga, na mwenyewe hakukasirika. Ukimweka mahali, hapo hapo utamkuta. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja kwenye basi dogo la viti kumi na vinane, mimi kipaza sauti, yeye usukani, safari ile ile kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi: asubuhi rasi yenye mnara wa taa, mchana mji wa kale, alasiri shamba la mizabibu na kuonja mvinyo. Abiria wanashuka mara tatu. Nanga hashuki.

Nikisema hashuki, sina maana hakanyagi ardhi. Anashuka kufuta vioo, anapiga teke tairi, anajinyoosha kiuno. Lakini haendi mbali na mlango. Mlango wa mbele wa basi letu uligongwa na lori mwaka wa kwanza, kitasa kikafa, na tangu siku hiyo haufungiki kwa ufunguo. Bosi alisema kitatengenezwa wiki ijayo. Nimeota mvi nikiingoja hiyo wiki. Abiria wanaacha mikoba, makoti na dawa zao za presha kwenye viti, na kanuni ya ofisi ni fupi: mikoba ikiwa ndani, dereva haliachi basi.

Kwa hiyo mambo ya Nanga ni haya. Kule rasi maegesho yako nyuma ya kilima, anaona ncha ya mnara na kibanda cha tiketi, bahari anaisikia tu. Kwenye mji wa kale anaegesha nje ya lango, anatazama ukuta kwa nje na vyoo vya umma. Shambani anaona geti la chuma na lundo la masanduku mabovu. Mkate wake na yai la kuchemsha anavila akiwa amekaa kwenye ngazi ya basi. Kila mfagizi wa maegesho hayo matatu ni rafiki yake, ila hata sehemu moja kati ya zile tunazowapeleka watu hajawahi kuingia.

Anachokijua amekisikia kwangu. Na hapo lazima niseme ukweli wangu, hata kama haunipendezi. Maneno ninayosema kwenye kipaza sauti niliyatunga wiki yangu ya kwanza kazini, nikiwa na woga na hamu ya kusifiwa, nikatia chumvi. Kisima cha mji wa kale nikakiita kisima kisicho na mwisho. Ghala la mvinyo lililochimbwa chini ya kilima nikasema ndilo kubwa kuliko yote katika pwani hii, ungeweza kuingiza jeshi zima na farasi wake. Ndani mna mapipa kumi na mawili na dari inayogonga watu vichwa, lakini mtu akishaonja glasi mbili halalamiki. Basi chumvi ikakaa. Leo nikijaribu kubadili neno moja, ulimi unagoma. Nimeshayakariri, na yenyewe yamenishika.

Alhamisi moja, saa moja asubuhi, nilikuwa naita majina kituoni. Mwanamke mfupi wa makamo akanipa tiketi. Alivaa viatu vya kutokea, vipya, na mikono yake ilikuwa imekunjamana vidoleni kama ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Nanga alikuwa anafuta kioo cha pembeni. Alipogeuka, kitambaa kikamdondoka.

"Baba Pacha, usinikodolee macho," yule mama akamwambia. "Leo mimi abiria. Nina tiketi yangu."

Alikuwa mkewe. Nilikuwa nimemsikia miaka yote, Mama Pacha hivi, Mama Pacha vile, lakini sikuwahi kumwona. Alikuwa mfuaji katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa ya jengo, kusikokuwa na dirisha, mashine na mvuke na mashuka ya wagonjwa, kwa miaka ishirini na minane. Wiki iliyotangulia alikuwa amestaafu. Wenzake wakachanga, wakamkatia tiketi ya safari ya mumewe, wakaitia kwenye bahasha, naye akaificha siku tano nzima ndani ya mto wa kulalia ili amshtue. Alifanikiwa. Mzee wa watu alikuwa amekauka kama nguo kwenye kamba.

Mama Pacha alikaa kiti cha kwanza, nyuma ya mumewe. Nikawasha kipaza sauti, nikaanza. Dakika tano hazikupita nikaona midomo yake inacheza. Nilidhani anasali. Nikasikiliza vizuri. Alikuwa anasema maneno yangu, neno kwa neno, mbele yangu kidogo.

"Na mlinzi wa kwanza wa mnara huu, ndugu zangu wageni, alikuwa mtu ambaye..." nikasema, nikanyamaza kidogo kama ninavyonyamaza siku zote.

"Aliogopa giza!" Mama Pacha akamalizia, na basi zima likaangua kicheko.

Miaka kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kuniibia mzaha. Nilicheka shingo upande. Nikamtazama Nanga kwenye kioo cha ndani. Jasho lilikuwa linamtoka, na ilikuwa asubuhi ya baridi.

Tulipofika rasi, abiria wakaenda kwenye kingo kupiga picha mawimbi yanavyovunjika kwenye miamba. Nanga akaniita kwa kidole.

"Mwalimu," akasema, kama anavyoniita kwa ajili ya kile kipaza sauti, "nimepatikana."

"Umefanya nini?"

"Nimemdanganya mke wangu. Miaka mingi."

Mara moja nikafikiria mwanamke mwingine. Nikamtazama lile tumbo, nikazitazama soksi zake, moja ya bluu na moja nyeusi, nikaona hapana, haiwezekani.

"Ni ukuta," akasema.

Kwenye ghala la mvinyo kuna desturi ya mwenye shamba. Ukimaliza kuonja glasi zote tano, anakupa kipande cha mkaa na unaandika jina lako ukutani. Ukuta ni mweupe, majina ni mengi, na mimi huusifia sana njiani. Nanga alikuwa amemwambia mkewe kwamba jina lake liko pale. Si lake tu. Alimwambia ameandika "Baba Pacha na Mama Pacha", chini ya taa ya tatu, upande wa kushoto.

"Ilikuwa ule mwaka watoto walipoondoka nyumbani, miaka saba sasa," akanieleza, macho kwenye usukani. "Alirudi kazini analia. Anasema, mimi nitafia kule chini, hakuna hata mtu atakayejua kama nilikuwepo. Sasa nifanyeje? Nikamwambia, wewe jina lako liko ukutani, watu wanatoka mbali wanalisoma. Akanyamaza. Tangu hapo kila nikirudi ananiuliza, leo umepita kuliangalia? Nasema ndiyo."

"Na hayo mengine? Mnara, kisima?"

"Mwanzoni nilikuwa namwambia nimesikia. Halafu siku moja nikasema nimeona. Alifurahi zaidi." Akakunja kitambaa chake cha kufutia vioo. "Kumbe na yeye anawasimulia wenzake kule chini, wakikunja mashuka. Wote wanaujua ule ukuta. Wamempa simu ya kupigia picha."

"Mwambie ukweli, mzee. Ni mkeo."

"Nianzie wapi? Nikimwambia ukuta ni uongo, atauliza kisima. Nikimwambia kisima, atauliza mnara. Sasa pale mezani kwetu kitabaki nini?"

Nilitaka kumkaripia, lakini kwa haki gani? Uongo wake ulikuwa wa mkono wa pili. Wa kwanza ulikuwa wangu.

Tukapanga. Shambani, kabla ya kuonja, mwenye shamba huwatembeza wageni robo saa kati ya mizabibu. Katika hiyo robo saa mimi nitakaa kwenye basi nilinde mikoba, Nanga aende ghalani, aandike majina mawili, arudi. Kutoka ngazi ya basi hadi mlango wa ghala ni hatua arobaini hivi. Mtoto wa chekechea angeweza. Nanga akakubali kwa kichwa.

Mji wa kale ulinitesa. Mama Pacha alipanda ngazi za lango akihesabu kwa sauti ya chini, na juu kabisa akaniambia, "Themanini na nane. Mbona tunaambiwa ni tisini na moja?" Nikasema huenda tatu zimezama ardhini. Akanitazama kama mtu anayekagua doa kwenye shuka. Kwenye kisima nikatamani nipitilize, lakini wageni wengine walikuwa wameshalizunguka lile duara la mawe. Siku hizi kimewekwa waya juu, na ukiinama unaona mwisho wake vizuri sana, na chupa tatu za plastiki.

"Kisima kisicho na mwisho," nikasema.

"Baba Pacha alitupa jiwe humu," akasema Mama Pacha, akiwa ameinama. "Akahesabu mpaka ishirini, hakusikia kishindo."

"Labda enzi zile, mama. Kabla hakijajaa udongo."

"Labda." Akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni. "Hivi, mwanangu, sisi tukiwa huku ndani, yeye anakaa wapi?"

"Anaangalia basi."

"Siku zote?"

Nikawapigia wengine makofi ya kuwaita. "Jamani, twendeni, muda unatukimbiza!" Nilikimbia swali la mama mtu mzima mchana kweupe, na naona aibu mpaka leo.

Shambani mwenye shamba alitupokea kwa kofia yake ya majani na vicheko vyake, akawachukua wageni. Mama Pacha aliondoka nao akigeuka nyuma mara mbili. Walipopotea nyuma ya safu ya kwanza ya mizabibu nikamwambia Nanga, haya, nenda. Nikakaa kwenye ngazi ya basi mahali pake, mikono magotini, askari kamili.

Akavuta suruali juu, akaanza. Nilihesabu hatua zake. Hatua ya kumi na mbili akageuka kutazama basi. Nikampungia mkono: nenda! Hatua ya ishirini akasimama kabisa, ameligeuzia ghala mgongo. Mlango wake ulikuwa wazi, mweusi, na harufu ya mvinyo na mbao mbichi ilikuwa inafika mpaka kwangu. Akasimama pale kwa muda ambao ungetosha kuandika ukoo mzima. Kisha akarudi.

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi nini? Mimi niko hapa!"

"Najua uko hapa. Miguu haijui."

Hasira zilinipanda, nazo zikanitoa maneno mabaya. Nikamwambia, "Wewe si dereva. Wewe ndiye kitasa cha hili basi." Mtu mwingine angenijibu. Nanga alisema "Ndiyo" tu, akakaa kwenye ngazi, akaweka mikono magotini vile vile nilivyokuwa nimeweka mimi. Nilijua hapo hapo kwamba nimemuumiza, na sikuwa na muda wa kuomba radhi.

Nikakimbia mwenyewe. Nikachukua mkaa kwenye bakuli lao, nikaipata taa ya tatu, kushoto, nikaandika kati ya majina ya watu wa mwaka juzi: BABA PACHA NA MAMA PACHA. Kwa haraka, herufi zikapanda mlima. Nikasikia sauti za wageni nje. Nikajifuta vidole kwenye sketi na kuvaa uso wa kazi.

Wakaingia. Mgeni mrefu kuliko wote akagonga kichwa darini, kama ilivyo ada. Nikasema mambo yangu ya jeshi na farasi wake, na mara hii nilijisikia ninavyoyasema, kwa sababu Mama Pacha hakuwa anachezesha midomo. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na glasi ya kwanza mkononi, anageuka taratibu. Aliinua mkono wake mfupi, akaigusa dari. Akaushusha.

Kisha akaenda moja kwa moja taa ya tatu, kushoto.

Alisoma. Akasoma tena. Akapitisha kidole juu ya jina lake, akakitazama kidole, kilikuwa cheusi. Mtu aliyefua miaka ishirini na minane anajua doa la leo na doa la miaka saba. Akanigeukia. Akanitazama usoni kwanza, halafu akaitazama sketi yangu, pale penye alama nne za vidole.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa maneno, ya mvua, ya chokaa, ya mwenye shamba kupenda kuhuisha majina ya zamani.

"Nipige picha, mwanangu," akasema. "Wenzangu wanaisubiri."

Akasimama kando ya majina, akatabasamu tabasamu la picha, kile kidole amekificha kwenye ngumi. Nikapiga tatu. Akashukuru, akaonja ule mvinyo, akakunja uso kama aliyenyweshwa dawa ya kikohozi, akaiweka glasi juu ya pipa na kutoka. Nikamwomba mwenye shamba awashike wageni, nikamfuata.

Nanga alimwona anakuja akasimama. Nadhani alikuwa ameshajiandaa kwa lolote, kwa matusi, kwa machozi, kwa kurudi nyumbani kwa basi lingine. Mama Pacha alifika, akamshika mkono wa shati, akamvuta kutoka kwenye ngazi, kisha akakaa yeye.

"Nenda," akasema.

"Mama Pacha, mikoba ya watu..."

"Nimefua mashuka ya hospitali nzima sikupoteza hata foronya moja. Nitashindwa na mikoba kumi na saba? Nenda kaone, baba."

"Mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Ungetaka kingine tusingekuwa tunaongea hapa. Nenda. Na usigeuke nyuma, nakuona."

Akaenda. Hatua ya kumi na mbili niliona shingo inataka kugeuka, ikajizuia. Alivua kofia mlangoni kama anaingia kwa wakwe. Mimi nilimfuata kwa mbali na kusimama kizingitini. Wageni walikuwa kwenye glasi ya tatu, wanacheka, hakuna aliyemjali. Alisimama pale pale aliposimama mkewe. Aliitazama dari, ikiwa shibiri moja juu ya upara wake. Akayahesabu mapipa kwa kidole. Akafika ukutani na kuyasoma yale majina mawili, na mabega yake yakashuka, sikujua kama ni kwa kutua mzigo au kwa kuubeba.

Alipopita karibu yangu akitoka, akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kinyongo, kama mtu anayeuliza njia, "Ndiyo hapa tu, mwalimu?"

"Ndiyo hapa."

Sijawahi kuulizwa swali lililoniumiza kama lile, na wageni wameniuliza mengi.

Alirudi kwenye basi polepole. Hakuwa amekaa ghalani hata muda wa kuchemsha chai. Mkewe hakusogea kwenye ngazi; alimngoja amfikie, akamtazama kutoka chini.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Pakoje?"

Nanga akaigeuza kofia mikononi, mzunguko mmoja, wa pili. Mke wake alikuwa ametoka humo sasa hivi. Alikuwa ameigusa dari kwa mkono wake mwenyewe, na kidole chake kilikuwa bado cheusi.

"Pakubwa," Nanga akasema.

"Ee," akasema Mama Pacha. "Pakubwa sana." Akajisogeza, akampa nusu ya ngazi, na wote wawili wakakaa hapo wakilinda mikoba mpaka wageni walipomaliza.

Kurudi, sikuwasha kipaza sauti. Nilisingizia betri.

Siku hizi Mama Pacha yuko nyumbani. Nanga ameniambia kwamba bado wanaongea mezani, na bado anamuuliza leo umeona nini. Picha imebandikwa kule chini, ukutani kwenye chumba cha kufulia, juu ya mashine. Kitasa kitatengenezwa wiki ijayo.

Alhamisi iliyofuata nilijaribu kulipa nilichokuwa nimekosa. Wageni walipoenda kwenye mizabibu nilimwendea pale kwenye ngazi nikamwomba radhi kwa lile neno la kitasa, nikamwambia, mzee, kila safari nitakupa robo saa, rasi, kisima, popote, nitakaa mimi. Alikuwa anamenya yai lake. Akatikisa kichwa.

"Asante, mwalimu. Ila niache tu."

"Kwa nini?"

"Rasi sijaiona bado," akasema. "Naomba hiyo uniachie kama unavyoisema."

Nikaingia ghalani. Wageni walikuwa kumi na wanane, wapya, wamenyanyua nyuso kunisubiri. Dirisha dogo la juu ya mlango lilikuwa wazi, na nilijua kwamba kutoka pale alipokaa ananisikia. Nikawaambia kwamba hili ndilo ghala kubwa kuliko yote katika pwani hii.